Wimbo Juu ya Meza ya Pasi

Kinyozi alikuwa na kipaji, hilo tusimnyime. Alichokosa ni mahali pa kukiweka. Mashine yake ya kunyolea ilikuwa na sauti moja tu, ng'wiii, asubuhi mpaka jioni, naye akawa anaguna juu ya sauti hiyo, mara anapanda, mara anashuka, mpaka kipande cha wimbo kinatoka chenyewe huku ameshika sikio la mtu. Kipande kizuri kweli. Ila mteja akishuka kitini na mwingine akapanda, kipande kimeshayeyuka, na ukimuuliza kilikuwaje anakutolea macho. Alikuwa hivyo tangu utotoni. Mama yake mzazi alikuwa akimtuma chumvi dukani, anarudi na kiberiti, tena anarudi anacheka.

Kwa hiyo alijitafutia dawa. Wimbo ukimjia anamwambia mteja, "Nisubiri kidogo, kaka," anamwacha na povu shavuni, anazunguka nyuma ya saluni na kuingia nyumbani kwake, ambako mkewe anapiga pasi sebuleni. Anamwimbia mara moja, anamwimbia tena. Mkewe anatikisa kichwa: nimeshika. Basi, Kinyozi anarudi kazini amepumua.

Mke huyo mtaa mzima ulimwita Dobi, kwa sababu nguo za mtaa mzima zilipitia mikononi mwake. Alikuwa na namna yake ya kushika nyimbo. Shati lina utaratibu: unaanza kola, unakuja mabega, unakwenda mikono, halafu mgongo, unamalizia mbele kwenye vifungo. Wimbo nao aliupanga hivyo hivyo. Mwanzo aliuweka kwenye kola. Kiitikio kikakaa kwenye mikono, kwa kuwa mikono ni miwili na kiitikio nacho kinarudi. Na yale maneno ya ndani kabisa, yale yanayomfanya mtu anyamaze, aliyaweka mgongoni, maana mgongo ni mpana na pasi inapita pale taratibu. Hata miezi ikipita, Kinyozi akiuliza, "Hivi ule wa kiti ulikuwaje?" Dobi anavuta shati moja kikapuni, anaanza kola, na wimbo unatoka mzima.

Waliishi hivyo tangu binti yao akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa alikuwa anakaribia kumaliza shule. Hakuna aliyelalamika. Kilichowaharibia ni mzaha mmoja.

Siku hiyo alikuja kiongozi wa bendi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye kwa kupiga gitaa la besi miaka mingi watu walimwita Besi tu. Alikuwa amefuata mashati ya bendi, na wanamuziki wake wawili walikuwa naye. Bibi, mama yake Kinyozi, akawakaribisha chai. Dobi alikuwa kwenye shati la mwisho, anaimba chini chini bila kujali wageni, na alipofika mgongoni akaimba:

Ukienda, nenda pole,
nisikie nyayo zako,
mpaka zifike kona,
ndipo nirudi chumbani.

Besi alikuwa amekiinua kikombe. Kikabaki hapo hapo hewani.

"Shemeji," akasema, "huo wimbo wa nani?"

Kabla Dobi hajafungua kinywa, Kinyozi, aliyekuwa ameingia kunywa maji, akajipiga kifua. "Wangu huo! Nimeutunga mimi mwenyewe, pale pale saluni."

"Acha utani."

"Kweli tena. Waulize wateja."

"Mbona shemeji ndiye anaujua hivyo?"

"Nani, huyu?" Kinyozi akacheka, akamwekea mkewe mkono begani. Wageni walikuwa wanamtazama yeye, na Kinyozi akitazamwa hupotewa na akili kidogo. "Huyu ni simu yangu. Mimi narekodi, yeye anahifadhi. Nikitaka kusikiliza, nabonyeza tu." Na kweli akambonyeza begani kwa kidole. "Ti!"

Wageni wakavunjika mbavu. Mpiga ngoma akauliza kama ni ya laini mbili. Besi alicheka mpaka chai ikamwagikia gotini. Dobi hakucheka. Aliisimamisha pasi, akalikunja shati, akalifunga kwenye mfuko pamoja na mengine.

"Sikiliza," Besi alisema akijipangusa. "Jumamosi tunaingia studio, na tumepungukiwa wimbo mmoja. Huu ndio wenyewe. Alhamisi njoo mazoezini utuimbie, tupange vyombo. Mtunzi nimwandike nani?"

"Andika Kinyozi. Nani asiyenijua?"

"Peke yako?"

"Peke yangu," akasema, bila hata kumeza mate.

Tusizungushe maneno: Dobi aliumia. Aliumia pale begani alipobonyezwa, kana kwamba kidole kile kilikuwa cha moto. Lakini aliwasindikiza wageni hadi mlangoni, akawashukuru kwa kuja, akarudi kukusanya vikombe.

Kesho yake, katikati ya asubuhi, Kinyozi aliingia mbio na kitana mkononi. "Mama watoto, shika hii, shika upesi!" Akaimba. Dobi alikuwa anapiga suruali. Akageuza mguu wa pili wa suruali, akaupangilia mstari.

"Umeshika?"

"Simu imezima."

"Nini?"

"Imekwisha chaji."

Kinyozi alicheka peke yake, akaona kicheko hakina mwenzake, akakimeza. Alipotaka kuimba tena, kile kipande kilikuwa kimeshakwenda zake. Akasimama pale na kitana chake kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Haya, hicho basi, tukiache. Nipigie ule wa kiti alioutaka Besi, Alhamisi si ndiyo kesho?"

Dobi akamgeuzia bega. "Bonyeza."

Na Kinyozi, kwa ujinga ambao mama yake hajapata kuuelezea mpaka leo, alibonyeza kweli.

"Mtandao unasumbua," Dobi akasema, akachukua suruali nyingine. Tangu hapo alipiga suruali na sketi tu. Mashati yote ya watu aliyapeleka chini kabisa ya kikapu.

Kinyozi akajisemea kwamba mwanaume mzima hawezi kushindwa na wimbo wake mwenyewe. Alirudi saluni, akaiweka simu mbele ya kioo, akaiwasha irekodi. Mteja aliyekuwa kitini alikuwa karani, mtu wa kujipenda, aliyetaka nywele zake zichongwe vizuri pembeni kwa ajili ya mahojiano ya kazi. Kinyozi akawasha mashine, akaanza kuguna. Lakini kila alipoitupia simu jicho sauti ilimkauka. Ilitoka nyembamba, ya adabu, kama ya mtu anayejitambulisha kwa wakwe. Akazima, akasikiliza. Ng'wiii. Kikohozi cha karani. Ng'wiii. Karani anauliza kama poda ipo. Wimbo hamna.

Akajaribu tena, safari hii kwa nguvu, macho ameyafumba ili asiione simu. Akajikuta anaelea vizuri, anakaribia kabisa pale kwenye nyayo, na karani akapiga kelele.

"We! Unanifanya nini?"

Kinyozi akafumbua macho. Juu ya sikio la karani palikuwa na njia nyeupe, pana, iliyonyooka mpaka karibu na utosi.

"Samahani, kaka. Nitakusawazishia."

"Utasawazisha na nini? Mimi kesho naitwa mbele ya watu!"

Ikabidi amnyoe kipara kizima, na bado karani alikuwa analaani alipotoka, na wateja wawili waliokuwa wanasubiri kwenye benchi wakatazamana, wakakumbuka kwamba wana shughuli. Hapo ndipo Kinyozi alipofunga saluni mapema kwenda kuomba msaada.

Alianza na binti yake, aliyekuwa anasoma jikoni ili awe karibu na kabati la sukari.

"Mwanangu, ule wimbo wa mama yako wa kiti, unaujua?"

"Naujua kiitikio, baba." Akaimba bila kuinua macho kwenye kitabu: "Kaa kwanza, kaa nami, kiti bado kina joto."

"Hicho hata mimi nakijua! Pale katikati, pa nyayo."

"Pale huwa nimeshaambiwa nikachote maji."

Akaenda kwa mama yake. Bibi alikuwa amekaa kizingitini anachagua mchele, na kwa siku mbili hizi masikio yake, ambayo yangesikia sarafu ikianguka nyumba ya tatu, yalikuwa yamekuwa mazito ghafla.

"Mama, nisaidie. Nyayo zilikuwa zinafanya nini?"

"Nyama?"

"Nyayo, mama!"

"Sisikii vizuri, mwanangu. Mwulize mkeo."

"Mke wangu amenuna."

Hilo Bibi alilisikia vizuri. "Amenuna kwa sababu gani?"

"Kwa mzaha tu! Utani mdogo, mbele ya wageni."

"Ulimbonyeza."

"Kidogo tu."

"Mimi nilikuzaa, na nilikuwa nimekaa pale pale. Niliona aibu mpaka nikaingia ndani kutafuta sukari wakati sukari ilikuwa mezani." Akarudisha macho kwenye mchele. "Sasa niache, utanichanganyia mawe."

Alhamisi Kinyozi alikwenda mazoezini amevaa shati lenye makunyanzi, la kwanza tangu aoe. Bendi ilikuwa inafanyia mazoezi kwenye ghala la mfanyabiashara wa mabati, na vyombo vilikuwa vimeshapangwa. Besi akamletea kiti mwenyewe. "Karibu mtunzi," akasema, na wote wakampigia makofi.

Neno hilo lilimpa nguvu. Akaanza vizuri tu, mwanzo ukatoka, kiitikio kikatoka, mpiga ngoma akaanza kugonga goti lake. Kisha wakafika katikati. Kinyozi alikumbuka kuwa kuna nyayo. Alikumbuka kuna kona. Ila nyayo zinafanya nini kwenye kona, na sauti inapanda au inashuka, kulikuwa giza tupu. Kutoka chini kabisa ya kumbukumbu yake likapanda neno la zamani, akalidaka kwa shukrani.

"Ukienda nitalia," akaimba, "nitalia, nitalia..."

Aliimba na kuimba. Mpiga ngoma akaacha goti lake. Mwimbaji akainama kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Kinyozi," Besi akasema kwa upole, "nyayo ziko wapi?"

"Zinakuja."

"Zinatokea wapi?"

"Nipeni dakika moja. Ng'wiii," akajaribu, akiiga mashine yake ili jambo lije, na mtu mmoja nyuma akacheka puani. Halikuja.

Besi akaliweka gitaa chini. Akamvuta Kinyozi pembeni, kwenye rundo la mabati, lakini ghala lile lilikuwa linarudisha sauti na kila mtu alisikia.

"Ndugu yangu, nikuulize, usikasirike. Huu wimbo umemwibia nani?"

"Mimi?" Kinyozi alihisi uso unamuwaka. "Mimi mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nasema mtu aliyetunga jambo lile hawezi kulisahau halafu akaimba nitalia. Hao ni watu wawili tofauti. Kama una mwenzako, mlete. Kama hakuna, Jumamosi tutarekodi wimbo mwingine, ninao mmoja wa shangazi yangu, si mzuri lakini una mwisho."

Kinyozi alitaka kubisha. Alikuwa hata ameshanyanyua kidole. Lakini neno lile, watu wawili tofauti, lilimwingia, likamkalia vibaya, akatoka ghalani bila kuaga mtu.

Alimkuta Dobi uani, anaanua nguo. Jua lilikuwa bado kali na mashuka yalikuwa yamekauka mpaka yakakakamaa. Alisimama upande wa pili wa shuka moja jeupe, akawa anaongea na miguu ya mkewe, maana ndiyo iliyoonekana.

"Ile sehemu ya nyayo, mimi nilikuletea lini?"

Miguu ikasimama. "Hukuniletea."

"Nilileta nini?"

"Ulileta nitalia. Mara tatu, nitalia, nitalia, nitalia. Nikaupiga hivyo wiki nzima, haukai mgongoni. Unakunjana. Kila nikifika pale nasikia aibu, kama nguo imechanika nami nawapa watu hivyo hivyo." Akaliondoa shuka, wakaonana. "Halafu kuna asubuhi ulitoka kwenda kumnyoa yule jirani aliyekuwa mgonjwa kitandani, unakumbuka? Nilikuwa sijaamka vizuri. Nikasikia viatu vyako vinakwenda, vinakwenda, vikafika kona, vikakatika. Nikasema, basi, hapa ndipo. Nikatoa nitalia, nikaweka viatu."

Kinyozi akatazama viatu vyake, vile vile, vilivyoliwa kisigino upande mmoja. "Ni hivi?"

"Sasa vya nani tena?"

Alitaka kufurahi, lakini bado alikuwa na kiburi cha kumaliza. "Na ule wa mvua? Usiniambie na ule."

"Mwanzo wako. Kiitikio changu."

"Na ule wa harusi ya mpwa wangu?"

"Maneno yako. Sauti niliigeuza, yako ilikuwa inamchosha mwimbaji."

"Na ule wa mama, ule nilioutunga Bibi alipolazwa?"

Dobi akalikunja shuka kifuani. "Huo ni wako wote. Huo sijaugusa hata neno. Ule huwa naupiga mwenyewe tu, nikiwa sina wimbo wowote wa kukutunzia."

Hapo ndipo kiburi kilipomwisha. Laiti angeambiwa kwamba hajatunga chochote maishani, angepigana. Kuambiwa kwamba ule mmoja ni mzuri, kwa haki kabisa, na mtu uliyemdharau mbele ya watu, hakukumwachia cha kupigania.

"Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Ulikuwa ukiusikia unafurahi. 'Ona nilivyotunga mimi!' Nami nasema moyoni, mwache afurahi, kuna ubaya gani? Haikuwahi kuniuma, wallahi. Nilijua mimi, ikatosha. Mpaka uliponibonyeza." Sauti ikamtetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Simu haifikirii, baba watoto. Mimi nasimama pale kutwa nafikiria. Mikono inapiga pasi, kichwa kinatafuta neno. Na wewe unaniambia nahifadhi."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe."

"Basi niimbie. Niushike leo, nikalale nao, Jumamosi..."

"Hapa sikuimbii." Akamtupia ncha nyingine ya shuka la pili, akaikamata, wakawa wanakunja pamoja. "Uani hapa tupo mimi na wewe na kamba za nguo. Uliponicheka hazikuwepo kamba, walikuwepo watu. Nitaimba mbele ya watu wale wale, ukishawaambia."

"Watanicheka."

"Watakucheka," Dobi akakubali. "Nilichekwa mimi, sikufa."

Jumamosi waliondoka nyumbani wote wawili, Kinyozi kwa shati lililonyooka na Dobi kwa gauni lake la kijani alilokuwa akilitunza kwa ajili ya siku ambazo hazikuwa zinakuja. Bibi aliwasindikiza mpaka mlangoni, masikio yamepona. "Mwanangu," alimwambia Dobi, si Kinyozi, "usiogope kile chuma cha kuongelea. Kitazame kama kola."

Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi, kuta zimebandikwa magodoro mpaka juu. Fundi mitambo alikuwa nyuma ya kioo. Wanamuziki wote walikuwepo. Besi alipomwona Kinyozi anaingia na mkewe, uso ukamng'aa, na kwa nia njema kabisa akasema, "Ahaa! Leo umekuja na simu!"

Kikaanza kicheko, kile kile. Kinyozi naye, tuseme ukweli, mdomo wake ulishaanza kufunguka ucheke pamoja na wenzake, maana kucheka ni rahisi na chumba kizima kilikuwa kinamngoja. Dobi alikuwa amesimama karibu na mlango, kibeti kifuani. Hakumtazama. Alikuwa anatazama magodoro ya ukutani, mtulivu, kama mtu anayesubiri gari alilokwisha kuamua kwamba lisipokuja atakwenda kwa miguu.

"Si simu," Kinyozi akasema.

Sauti ikatoka ndogo. Akasafisha koo.

"Jamani, si simu. Besi, nilikudanganya, na sijui hata kama nilijua kwamba nadanganya. Mwanzo wa wimbo ni wangu. Kiitikio changu. Yale ya nyayo, yaliyokushikia kikombe, ni ya mke wangu. Mimi nilikuwa na nitalia. Alhamisi mlinisikia, ile ndiyo nguvu yangu yote pale."

Mpiga ngoma akaangua kicheko mpaka fimbo zikamdondoka. "Kinyozi kanyolewa!" akapiga kelele, na wengine wakamfuata, na Kinyozi alisimama pale wakacheka mpaka wakamaliza. Aligundua kwamba kweli haiui. Inachoma masikio tu.

Besi yeye hakucheka. Alikwenda mpaka mlangoni, akampa Dobi mkono. "Shemeji, na mimi nilicheka siku ile nyumbani kwako, tena nikinywa chai yako. Nisamehe."

"Yamepita, shemeji. Wapi nasimama?"

Walimsimamisha mbele ya kipaza sauti. Akaanza, na mara fundi mitambo akagonga kioo. "Mama, mkono wako unagonga chuma." Kweli, mkono wa kulia ulikuwa unakwenda na kurudi. Wakamwambia aushushe. Akaushusha, akaimba, wimbo ukatoka umekauka. "Siuoni bila mkono," akasema waziwazi, bila kuona haya. Basi Besi akavua koti lake, akalitandaza juu ya meza ndogo, akaisogeza meza mbele yake. Dobi akaweka kiganja kwenye kola ya koti, akashusha pumzi, akaanza upya.

Alipofika mgongoni hakuna aliyekuwa akitazama kitu kingine. Na hapo katikati kabisa ya utamu akaacha, akainua mkono.

"Hapo si sawa."

"Uko sawa kabisa, shemeji!" mwimbaji akasema.

"Mimi niko sawa. Nyie ndio mnapiga. Nikishasema kona, msipige kitu. Gitaa linyamaze, ngoma inyamaze. Huyu mtu anasikiliza viatu, mtamfunikaje na kelele? Mkae kimya mpaka mwone mmeshindwa kuvumilia, ndipo niseme 'ndipo nirudi chumbani'."

Wanamuziki wakamtazama Besi. Besi akamtazama Dobi, akaweka kiganja juu ya nyuzi zake. "Mmemsikia mama," akasema. Wakaanza tena, na ilipofika kona vyombo vyote vikakatika, na kimya kile kikasimama chumbani, kikasimama, mpaka Kinyozi akajikuta anavisikia viatu vyake mwenyewe vikiondoka kwa mwanamke huyu asubuhi ile, asijue hata kidogo kwamba kuna mtu anavihesabu. Akalia. Mara moja tu, na kimya kimya, ili asiharibu kurekodi.

Walipomaliza, fundi mitambo akatoa kichwa mlangoni. "Mtunzi niandike nani? Hapa nina Kinyozi."

"Futa," Kinyozi akasema. Akataja jina la mkewe, la kwanza na la baba yake, polepole, jina ambalo nusu ya mtaa haikulijua na ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajalitamka mbele ya watu tangu siku ya ndoa. "Na chini yake ndipo uweke langu." Fundi akauliza kama ni hivyo kwa mpangilio huo. "Ni hivyo hivyo," akajibiwa na Dobi, ambaye alikuwa anamkung'utia Besi koti lake.

Walirudi kwa miguu, jua likiwa juu. Walikuwa wamechoka na wana furaha, hawasemi sana. Walipopita mbele ya karakana ya seremala, mtu mmoja alikuwa anapiga msasa mlango mpya, shwa, shwa-shwa, shwa. Dobi akapunguza mwendo. Akasimama kabisa. Akaguna kitu, akakirudia, akakipandisha kidogo mwishoni.

"Baba watoto."

"Naam."

"Shika hii."

Kinyozi akashtuka. "Mimi? Kichwa changu si unakijua?"

"Nakijua. Shika. Mimi nataka kutafuta maneno yake, siwezi yote mawili."

Akamwimbia mara moja, akamwimbia tena. Kinyozi aliipokea, akaijaribu, ikakubali. Dobi akatikisa kichwa, akaanza kutembea mbele, macho chini, anatafuta maneno. Naye Kinyozi akamfuata, anaimba kile kipande, anakimaliza na kukianza, anakimaliza na kukianza, uso umemkaza. Walipoingia mtaani kwao muuza duka akampungia mkono, "Mtunzi! Vipi huko studio?" Hakujibiwa. Wateja kwenye benchi la saluni wakasimama, "Kinyozi, leo unafungua?" Akawapita. Hata karani mwenye kipara, aliyekuwa amekuja kumwambia kwamba kazi ameipata, hakupewa salamu.

"Mmemwona?" wakaambiana. "Hata wimbo wenyewe haujatoka redioni, ameshaanza kuringa."

Kinyozi aliwasikia vizuri, na yalimuuma, maana alipenda kupendwa na watu. Lakini hakuwajibu, kwa sababu angefungua mdomo kwa neno jingine lolote, wimbo wa mkewe ungempotea.